Mtoto Wangu na Mfalme wa Jamnagar

Nianze na huyo mfalme, maana ndiye aliyeniponza, na mwenyewe alikufa kabla mimi sijazaliwa.

Alikuwa mfalme wa Jamnagar, mji wa Wahindi ulioko Gujarati, karibu na bahari. Mimi sijafika Jamnagar na sidhani nitafika, lakini hata ukiniamsha usingizini nitakutembeza mji mzima. Katikati ya mji kuna ziwa, na katikati ya ziwa kuna ngome ya duara. Kuna mitaa ya mafundi wa shaba, wanayeyusha vyuma chakavu vilivyoletwa kutoka nchi za watu na kutoa koki za mabomba; huenda hata ile inayodondosha maji jikoni kwako imetoka huko. Kuna wanja wa macho unaoagizwa kutoka mbali. Zamani mji ulikuwa na wafalme wake wenyewe, baba kwa mwana, mpaka Wahindi walipopata uhuru na wafalme wote wakaambiwa asanteni, kaeni pembeni. Na kuna nguo ya bandhani, ambayo ndiyo iliyonilisha mimi na mwanangu hapa Durban.

Haya yote nimeyapata kwa Hansaben, tajiri yangu, mwenye duka la sari pale Overport. Jina lake ni Hansa. Hiyo "ben" maana yake dada. Mwenyewe aliniambia siku ya kwanza: "Mimi si madam wako, Stella. Mimi ni dada yako." Jina langu ni Estella, lakini sawa, nikamwachia. Nikamwita dada. Dada! Ngoja tu.

Bandhani ni kazi ya vidole. Unachukua hariri iliyokwisha kupigwa vidoa vya alama. Unanyanyua kidoa kimoja kwa ukucha wa kidole cha mwisho, unakizungushia uzi, unakaza, unakwenda kwenye kinachofuata. Sari moja ina mafundo maelfu. Ukiitia kwenye rangi nyekundu, pale palipofungwa rangi haiingii. Na kuna jambo ambalo mgeni halijui: sari ya kweli inauzwa ikiwa bado imefungwa, imejikunja, mbaya hata kuitazama. Mteja akishaikubali, watu wawili wanashika huku na huku, wanavuta, mafundo yanafyatuka pa-pa-pa, uzi unaruka, na ua linafunguka mbele ya macho yake. Hapo anajua ni kazi ya mkono, si zile za mashine zilizojaa madukani siku hizi.

Babu yake Hansaben alishuka Durban kwa meli akafungua duka Grey Street, na bibi yake akaja na huo ufundi mikononi. Sasa vidole vya Hansaben vimeliwa na baridi yabisi, hata kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Mtoto wake wa pekee yuko Perth, Australia. Basi akanifundisha mimi, mwanamke wa Buyenzi, Bujumbura, ambaye kabla ya hapo nilikuwa nasuka nywele kando ya barabara. Alinitazama ninavyogawanya nywele za mteja akasema vidole hivi haviwezi kushindwa na hariri. Na havikushindwa. Nikafuga ukucha, na Iteka, mwanangu, akawa ananicheka: "Mama, huo ukucha utakuja kumtoboa mtu jicho."

Iteka, mwanangu. Hapo ndipo penyewe.

Iteka sikumzaa. Nasema sasa kwa kuwa Durban nzima imeshaambiwa, lakini kabla ya hapo jambo hilo lilikuwa langu na Mungu. Ilikuwa wakati wa vita kwetu. Tulikuwa watu wengi njiani, tunapanda kuelekea mpaka wa Tanzania. Mimi nilikuwa msichana tu, sina mume wala mzigo wa maana. Mwanamke nisiyemjua akanijia mbio, akaniwekea mtoto mchanga mikononi. "Nishikie kidogo," akasema kwa Kirundi. "Nimemwacha mwenzake nyuma, narudi kumchukua." Akarudi kule risasi zilikokuwa zinalia. Nikasubiri mpaka watu wakaanza kunitukana kwamba nitawauza wote. Hakurudi. Nikavuka na mtoto. Kambini wakaniuliza huyu wa nani, nikasema wangu. Nikampa jina Iteka, maana yake heshima.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia. Kwa sababu niliambiwa nishike, sikuambiwa nichukue! Wewe hujui hilo linavyomla mtu. Kambini, sokoni, kanisani, popote nilipomwona mwanamke wa rika lile ananitazama sana, moyo uliruka, nikamvuta mtoto nikabadilisha njia. Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu maishani: kwamba Iteka akijua, atakwenda kumtafuta mwenyewe aliyemzaa, na mimi nitabaki na nini? Sina mwingine. Wanasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mimi hiyo isiyo kazi sikuifanya. Iliyo kazi nimeifanya mpaka mgongo umepinda.

Sasa turudi kwa mfalme.

Hansaben alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote. Wakati wa vita vya Wazungu, vile vikubwa vya pili, watoto wa Poland, wengi wao yatima, mamia kwa mamia, waling'olewa kwao wakawa hawana pa kwenda. Mfalme wa Jamnagar akasema waleteni kwangu. Akawawekea kambi kando ya bahari, akawalisha, akawasomesha, akawaambia: "Msijiite yatima tena. Ninyi ni watoto wa nchi hii, na mimi ni baba yenu." Hansaben akifika hapo alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya sari. Mara ya kwanza na mimi nililia. Ya pili pia. Mkimbizi akisikia kwamba kuna mji duniani uliofungua mlango bila kuulizia makaratasi, lazima alie.

"Sisi watu wa Jamnagar ndivyo tulivyo," Hansaben alikuwa anasema. "Hatumwachi mtu njiani."

Nikaipeleka hiyo hadithi hadi Albert Park, ninakokaa, nikamsimulia Yvette. Yvette ni Mkongo wa Uvira, ana saluni chini ya flat letu, na mdomo wake hauna breki. Akanicheka mpaka mteja wake akalalamika kwamba anamvuta nywele.

"Ma chère, huyo mfalme iko wapi leo?" akasema. "Hawa wanaoandamana na mafimbo kufukuza wageni wakitufikia hapa, atatoka kaburini atukinge? Wewe mtu akikupa chai unampa roho yako."

"Una wivu," nikamwambia. Eish, Yvette, mdomo wako na uheshimiwe.

Siku niliyoharibu ilikuwa siku ya furaha. Iteka alikuwa amepata nafasi ya kusomea ualimu. Nilikuja kazini sijielewi, mara nacheka, mara nalia, uzi unanikatikia. Hansaben akaja akakaa chini na mimi kwenye mkeka, magoti yakimuuma hivyo hivyo, akaanza yeye. Akaniambia ya mwanawe wa Perth: kwamba hakuja kumzika baba yake, kwamba walikosana kwa maneno ambayo yeye Hansaben ndiye aliyeyasema, kwamba watu wakiuliza yeye husema kijana anapiga simu kila Jumapili, na simu hiyo haipo. Halafu akanishika mkono. "Kwetu Jamnagar," akasema, "wanawake wanaofunga bandhani hukaa pamoja kutwa wakiambiana yote. Neno lililosemwa juu ya nguo hufungwa humo humo. Halitoki."

Na mimi nikaamini. Nikamwambia langu, lote, mpaka chini. Kitenge cha kijani alichovaa yule mama. Pengo la jino la mbele. Jinsi alivyomvua mtoto kofia kabla ya kunipa, ili asisikie joto. Jina alilokuwa analiita akikimbia kurudi, jina la yule mwenzake. Miaka yote hiyo sijawahi kuyatamka kwa sauti. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi, nikarudi Albert Park naimba kwenye taxi. Nilimwambia pia kwamba Iteka hajui na hatajua, na Hansaben akaweka kidole mdomoni akatikisa kichwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe nilikuwa naifunga kwa mikono yangu.

Basi mwaka huu watu wenye asili ya Jamnagar wakaandaa siku yao kwenye ukumbi mmoja wa Sydenham, Jumapili mchana. Hansaben akaombwa aeleze habari za mji na aonyeshe bandhani. Alifurahi kupita kiasi. Akaniambia: "Stella, utakaa jukwaani ufunge, watu wakuone. Jumapili hii watajua mkono huu ni wa nani."

Hilo neno lilinigusa. Maana dukani, mteja akiuliza sari imefungwa wapi, Hansaben alikuwa anasema tu "mkono wa Jamnagar", na mimi niko nyuma ya pazia nasikia. Sikuwahi kulalamika. Lakini siku ya kuitwa kwa jina, nani asiyeitaka? Nikamng'ang'ania Iteka aje. Alikuwa na kazi zake za chuo, hakutaka.

"Njoo uone mama yako anavyoheshimiwa," nikamwambia.

Akaja. Alivaa gauni lake jeupe, akanipaka na mimi rangi ya mdomo kidogo, akaninyooshea begani imvutano yangu, lile vazi letu la kujitanda. Kwenye taxi alinishika mkono kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo.

Ukumbi ulijaa. Ukutani wametundika picha kubwa za ziwa na ngome yake, za jumba la mfalme, za mafundi wa shaba wamesimama mbele ya tanuru. Meza za bhajia, za maandazi yao ya dengu, chai ya maziwa inanukia iliki. Nikakaa kwenye mkeka jukwaani, kitambaa gotini, nikaanza kufunga, na watoto wa Kihindi wakasogea karibu kutazama ukucha. Hansaben akachukua maiki. Nisiseme uongo, alisimulia vizuri. Jinsi mji ulivyojengwa, wafalme, maji ya huko ambayo watu wanaamini ndiyo yanayoifanya nyekundu iwake, meli zilizowaleta babu zao. Kisha akainua sari nyekundu niliyoifunga mimi miezi na miezi, bado imejikunja na mafundo yake, akasema inataka watu wawili wa kuivuta.

"Na mmoja awe binti wa Stella," akasema. "Iteka, njoo mwanangu."

Iteka akapanda. Akashika ncha moja, kijana mmoja wa pale akashika nyingine. Mimi moyo umejaa, natabasamu tu kama mjinga. Hansaben akanyoosha mkono, ngojeni kwanza. Akaanza hadithi ya mfalme na watoto wa Poland. Nikafikiri sawa, ni siku yao, lazima aisimulie. Akafika kwenye "mimi ni baba yenu", akafuta machozi, ukumbi ukapiga makofi. Halafu akageuka akanielekezea kidole.

"Lakini mfalme wetu hakufa," akasema. "Yupo hapa. Mwanamke huyu mnayemwona alikuwa anakimbia vita, hana chochote, na mama mwingine akamwekea mtoto mikononi. Nishikie, akamwambia, nirudi kumchukua mwenzake. Hakurudi. Stella angeweza kumtupa porini. Hakumtupa! Akamfanya wake. Na mtoto mwenyewe ndiye huyu, anayeshika sari mbele yenu."

Mana yanje. Mungu wangu.

Watu wakasimama. Wakapiga makofi, wanawake wakalia, simu zikanyanyuka juu kupiga picha. Mimi nilikuwa nimekaa chini, uzi mkononi. Nikamtazama Iteka. Hakulia. Hakuniangalia. Yule kijana akaanza kuvuta upande wake, na Iteka naye akavuta, mafundo yakafyatuka, watu wakasema aaah. Aliambiwa tabasamu upigwe picha, akatabasamu. Mtoto huyo nimemfundisha adabu mwenyewe, na siku hiyo niliichukia.

Hansaben akashuka akanikumbatia mbele ya watu, shavu lake limelowa. "Umeona wanavyokupenda?" akaninong'oneza. Jina langu alilitaja, hilo siwezi kumnyima. Lakini kazi yangu hakuitaja hata mara moja.

Kwenye taxi ya kurudi tulikaa siti moja, mikono yake ameipakata. Kila robot, zile taa za barabarani, lilikuwa jekundu siku hiyo. Tulipoingia ndani hakuvua hata viatu.

"Ni kweli?" akaniuliza.

"Yule mama ni mshenzi," nikasema. "Nilimwamini! Nilimwambia kwa siri, na ameapa, ameweka kidole mdomoni hivi, halafu anakwenda..."

"Mama. Ni kweli?"

"Ni kweli."

Akakaa kwenye kiti. "Alikuwa amevaa nini?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza. Hakuuliza kwa nini ulinificha. Aliuliza alikuwa amevaa nini. Na mimi, hasira zimenipanda, nilisikia kitu kimoja tu: ameshaanza kumtafuta. Ile siku niliyoikimbia kutoka kambini Kasulu mpaka Durban imefika, imekaa sebuleni kwangu na gauni jeupe.

"Mama yako ni mimi!" nikapiga kelele. "Nani alikubeba? Nani alikunywesha uji kambini? Nani aliuza nywele zake Lilongwe ili upate dawa? Unataka nguo gani tena, unataka kitenge cha nani?"

"Sikukataa kwamba wewe ni mama yangu. Nimeuliza tu."

"Basi usiulize!"

Nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Nikamsikia amesimama nje ya mlango muda mrefu. Hakugonga. Nilikuwa nasubiri agonge, na yeye labda alikuwa anasubiri nifungue.

Jumatatu nikaenda Overport, si kufanya kazi. Nilimkuta Hansaben amechangamka, amevaa vizuri, simu yake haikomi kulia.

"Stella! Watu wanakuulizia. Kila mtu anataka sari ya yule mama aliyeokoa mtoto!"

Jamani. Nilimtolea maneno yote niliyokuwa nayo, ya Kiingereza yakaisha nikaingia ya Kizulu, yakaisha nikammalizia kwa Kiswahili, na nafikiri alielewa. Akabaki ameshika meza.

"Lakini nilikusifu," akasema. "Nilisema wewe ni kama mfalme wetu. Ni hadithi nzuri, Stella. Kuna aibu gani hapo? Msichana ni mkubwa sasa, nilidhani atajivunia."

Na unajua kilichoniuma? Alikuwa anasema kweli. Uso wake ulikuwa mtupu, hauna hila. Alinichuna ngozi akidhani ananivisha shada. Heri mtu mbaya, unajua pa kumpiga.

"Na ile ya mwanao wa Perth," nikamwambia, "mbona hukuisema kwenye maiki? Nayo ni hadithi."

Akabadilika rangi. Akatazama mlangoni kama kuna mteja. "Hayo ni mambo ya ndani," akasema polepole.

"Eeeh. Yako ya ndani, yangu ya ukumbini."

Nikatoka. Niliukata ule ukucha siku hiyo hiyo, nikarudi kusuka nywele kwenye saluni ya Yvette. Nilijua atanisema, na kwa kweli akafungua mdomo, halafu akaniangalia vizuri, akaufunga. Akanipa kitana na kiti, akaniambia, "Kaa. Beko wateja wawili wanangoja." Yvette ana roho, ukimtoa ule mdomo.

Nyumbani Iteka alikuwa haninunii, na hilo ndilo lililonitisha. Alinisalimia asubuhi. Alipika. Aliniita Mama, vile vile. Ila alikuwa ananiuliza nikupakulie wali, nikununulie maziwa, na zaidi ya hapo hakuna swali. Mimi nikajidanganya: ameelewa, imepita, mtoto mwerevu. Jumamosi alikuwa anatoka asubuhi na kurudi mchana, akisema yuko na kazi za chuo. Nikasema Mungu ni mwema. Nikaanza hata kuimba tena.

Yvette ndiye aliyenifungua macho, alipokwenda kununua mafuta ya nywele kule juu.

"Estella," akasema, "mi sipendi kuingia mambo ya watu."

"Tangu lini?"

Hakucheka. "Nimemuona mtoto. Overport. Anaingia duka la yule Muhindi wako. Kwa mlango wa nyuma, kama mtu wa nyumba. Na muuza duka wa jirani ananiambia eti anakuja kila Jumamosi."

Nilimwacha mteja na nusu kichwa. Nikapanda taxi, njia nzima naongea peke yangu, watu wananitazama. Nilikuwa najiambia amekwenda kumgombeza. Amekwenda kunitetea mama yake. Ni nini kingine kinaweza kumpeleka pale?

Mlango wa nyuma haufungwi mchana. Nilisikia sauti ya Hansaben kabla sijafika, ile sauti yake ya hadithi, Kiingereza cha taratibu. Nikasimama kizingitini. Iteka alikuwa amekaa kwenye mkeka wangu, viatu amevivua, magoti ameyakumbatia. Hansaben yuko kwenye kiti mbele yake, kikombe mikononi. Sahani ya bhajia katikati yao, hakuna aliyeigusa.

"... na mvua ilikuwa inanyesha sana," Hansaben anasema, "njia yote matope, na mama yako akavua kanga yake akakufunika..."

"Mvua gani?" nikasema. "Hakukuwa na mvua! Ilikuwa kiangazi, vumbi tupu. Na haikuwa kanga, kilikuwa kitenge, na hakukivua, alikuwa nacho mwilini mpaka nilipoacha kumwona."

Wakageuka wote wawili. Hansaben akaweka kikombe chini, kikagonga sahani. Nilimwona Iteka anayashika yale maneno niliyosema, kitenge, vumbi, anayaweka mahali. Nikaona njia imefunguka. Hasira zote zikaniishia, nikabaki naomba tu.

"Inuka twende nyumbani," nikamwambia. "Nitakuambia mwenyewe. Leo. Yote. Hata jina la mwenzako ninalo."

"Analo na yeye," Iteka akasema. "Ameshaniambia."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ya kuulizia wali na maziwa.

"Amelikosea!" nikasema. "Huyu hawezi hata kulitamka. Mimi ndiye niliyelisikia kwa masikio yangu."

"Nilianzia kwako, Mama. Nilikuuliza, ukanifungia mlango. Anti hata akikosea, anajibu."

"Mwanangu, nisikilize..."

Akaniangalia kidogo, bila chuki, na ingekuwa afadhali ingekuwepo. Halafu akageuza mgongo, akakaa vizuri kwenye mkeka.

"Endelea, Anti," akasema.

Hansaben akanitazama mimi kwanza. Halafu akaendelea pale alipokuwa ameishia, ila mvua akaiondoa.